Niliandika "umetuacha watupu", sasa shangazi hapokei simu yangu

Shikamoo Bibi,

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yetu alifariki miezi saba iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma siku ya mazishi. Niliuandika usiku kucha, na sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniliza kuliko zote: "Baba, umetuacha watupu." Niliisoma sauti ikitetemeka, kisha nikarudi kukaa.

Sikujua kwamba nimewasha moto. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyemlea baba walipofiwa na mama yao, aliinuka akaenda kusimama mbali peke yake. Nilidhani ni uchungu wa msiba. Wiki moja baadaye baba mdogo akanipigia simu akaniambia nimemvua marehemu nguo mbele ya watu. Hayo ndiyo maneno yake. Kwamba nimetangaza kaburini kuwa ndugu yao hakuacha kitu na kwamba wanawe wako uchi, wakati baba alitusomesha wote wanne na akatuachia nyumba.

Tangu siku hiyo shangazi hapokei simu yangu. Nikamwandikia ujumbe wa kuomba radhi, nao nikauharibu. Niliandika hivi: "Shangazi, nisamehe, sikukusudia mali. Tangu baba aondoke nina utupu." Mdogo wangu wa kiume alipousoma alishika kichwa. Akaniambia nilitafute neno hilo kwenye intaneti nione mwenyewe. Nikalitafuta. Habari za kwanza kutokea zilikuwa za watu waliokamatwa kwa kusambaza picha za utupu. Bibi, niliona haya nikiwa peke yangu chumbani.

Mimi nimesoma kwa Kiingereza na kazi yangu yote ni ya Kiingereza. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, lakini kilikuwa cha kuamkiana, kutumana na kuagana. Hatukuwahi kukitumia kusema huzuni. Ninachokihisi nakijua kwa lugha ile nyingine, na nilipokihamisha kikavunjika mkononi.

Naomba unijibu mambo mawili. Je, ni kweli nilikosea, au wakubwa wangu wanalikuza jambo? Na nimwambieje shangazi ninachokihisi? Maana bado ninacho. Naingia chumbani kwa baba, nakiona kiti chake, na ndani yangu hamna kitu. Hata kilio hamna.

Kifungua mimba

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Pole sana. Miezi saba ni kama juzi kwa mtu aliyezika mzazi, nawe umeibeba miezi hiyo pamoja na ukimya wa shangazi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitalijibu swali la kwanza kwa urefu, kwa sababu jibu la swali la pili limo ndani yake.

Sarufi yako haikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba tupu ni neno linalochukua maana kutoka kwa jirani yake, nawe ulilisimamisha peke yake mbele ya watu wenye majonzi.

Lisikilize linavyotumika. Ukilitia kwenye chombo cha kuwekea vitu, kama debe tupu, kikombe kitupu, mfuko mtupu, nyumba tupu, kila mtu anaelewa kuwa ndani hamna kitu. Ukilitia kwenye kitu kisichokuwa chombo, mambo yanageuka. Maji matupu ni maji yasiyochanganywa na chochote. Uongo mtupu hauna hata chembe ya kweli, na ukweli mtupu hauna hata chembe ya uongo. Mtu akikusimulia kuwa siku ile ilikuwa furaha tupu, huelewi kwamba furaha ilikosekana. Unaelewa kwamba ilijaa pomoni, huzuni haikupata pa kupenya. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani hukwama hapa na kuuliza inakuwaje neno la ukosefu liseme wingi.

Mimi nimeishi na neno hili miaka mingi, nami naona halina maana mbili zinazogombana. Halisemi "hakuna kitu". Linasema "hakuna kingine". Debe tupu ni debe, basi. Maji matupu ni maji, basi. Ukiona kitu kwa macho matupu, umetumia macho yako bila miwani wala darubini. Mwenye kupigana kwa mikono mitupu hana silaha, na mwenye kurudi safarini mikono mitupu hana alicholeta. Mikono ni ileile, kilichokosekana ndicho tofauti, na ni sentensi inayotueleza ni kipi. Maneno matupu nayo yana herufi zake zote na sauti zake zote. Yamekosa vitendo tu.

Sasa liweke kwa mtu. Mtu, basi, bila kingine: hana nguo, hana mali. Ndiyo maana mtu mtupu ni mtu aliye uchi, au hohehahe asiye na mbele wala nyuma. Na hapa mahali pa neno ndipo panapoamua kila kitu. Mama akisema amezaa wasichana watupu, anakuambia hakupata mvulana hata mmoja. Mwalimu akisema darasa lake ni la wavulana watupu, hakuna anayegutuka. Tupu limeshikana na nomino na kazi yake ni kutuambia ni nani tu waliomo. Lakini lichomoe hapo, uliache lisimame lenyewe baada ya kitenzi: "wako watupu", "amebaki mtupu", "umetuacha watupu". Msikilizaji anaona kwanza miili isiyo na nguo. Akijikaza, anaona mifuko isiyo na kitu. Maana uliyoikusudia wewe, ile ya moyoni, iko nyuma ya hizo mbili, na kwa shangazi yako haikupata nafasi ya kufika.

Kisha fikiria ulisemea wapi. Kaburini, jamaa wengi huwa na hofu moja ambayo hawaitaji, nayo ni mali. Wote waliosimama pale wameikulia methali ya mkono mtupu haulambwi, kwamba asiye na cha kutoa hakimbiliwi na watu. Mtoto wa kwanza wa marehemu akitamka kwamba baba kawaacha watupu, masikio yaliyolelewa na methali hiyo yanasikia mtoto anayelalamika kuwa mkono aliougusa haukuwa na kitu. Na huyo anayelalamikiwa ni mdogo wake shangazi, aliyemlea mwenyewe. Baba yako mdogo alisema umemvua marehemu nguo. Alitumia maana ileile ya neno lako, akakurudishia. Kwa hiyo hapana, mjukuu wangu, hawakulikuza jambo. Walisikia Kiswahili kama kinavyosikika.

Kuhusu ule ujumbe wa pili nakutetea zaidi, ingawa nao uliumiza. Utupu ni nomino ya tupu, na imebeba maana zote mbili kwa muda mrefu. Chukua tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952. Katika Mwanzo 1:2, kabla nuru haijaumbwa, nchi ilikuwa "ukiwa, tena utupu". Hapo hakuna mwili wa mtu yeyote. Ni dunia isiyo na umbo wala kitu. Geuza kurasa mpaka Walawi sura ya 18, utakuta katazo la kufunua utupu wa jamaa wa karibu. Kitabu kimoja, neno moja, nao wafasiri hawakuona tabu, maana kila mahali jirani zake wanalieleza. Upande wa Waislamu ndiyo usiseme: waliosoma fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, kwa Kiswahili wanajua kwamba tupu, kama nomino, ni sehemu za siri, na tupu mbili zinatajwa katika somo la mambo yanayotengua udhu. Mtu aliyejifunza hivyo utotoni hawezi kulisikia neno lako kama ulivyolisikia wewe.

Siku hizi vyombo vya habari vimeivuta maana ya mwili mpaka ikakaa mbele kabisa. "Picha za utupu" limekuwa neno la kila wiki, na ndiyo maana ulipotafuta ulikutana nalo. Mimi sipendi maana moja ilimeze neno zima. Utupu wa nafsi ni Kiswahili halali, na washairi wanauandika. Ila mshairi ana beti nzima ya kukuandalia njia. Wewe ulikuwa na ujumbe wa simu, kwa mtu ambaye tayari ameumizwa na neno hilohilo. Wala hukumwambia utupu wa nini. Ungeandika "utupu moyoni", huenda angalau nusu ya aibu ingeepukika.

Basi ungesema nini? Watu wengi wangekupa pengo, nami nakubaliana nao, japo "pengo lisilozibika" limesemwa kwenye misiba mpaka makali yake yameisha. Liondolee hilo "lisilozibika" ulitazame lenyewe. Pengo ni nafasi inayobaki jino likitoka. Linaonekana kwa sababu meno mengine yapo, kulia na kushoto. Kibogoyo hana pengo. Ukisema baba ameacha pengo umesema kwamba alikuwa na mahali pake, na kwamba ninyi mliokaa pembeni yake bado mpo na mnalihisi. Shangazi yumo ndani ya neno hilo bila kutajwa, kwa sababu naye ni jino la jirani. Katika "umetuacha watupu" hakuwamo. Mlikuwamo ninyi watoto na hasara yenu tu, na nadhani hilo nalo lilimchoma, hata kama hakulisema.

Liko pia ukiwa, ambalo umeliona hapo juu likiwa bega kwa bega na utupu. Ni hali ya mahali palipokuwa na watu pakaachwa, na mkiwa ni mtu asiye na wa kumtegemea. Ukiandika "nyumba imekuwa ukiwa tangu baba aondoke", hakuna mzee atakayekukunjia uso. Angalizo moja tu kwa kuwa wewe unaandika: kwenye karatasi, ukiwa la huzuni na ukiwa la "ukiwa na nafasi" hayana tofauti, hivyo lipe sentensi iliyo wazi. Upweke ni jepesi zaidi, linasema huna mwenzako, na mtu anaweza kuwa nao hata kama hakufiwa.

Ombwe sikushauri. Hilo ni neno la fizikia: ile nafasi isiyo na hata hewa, kama aliyoipata mwanafizikia wa Italia, Evangelista Torricelli, juu ya zebaki ndani ya bomba la kioo mwaka 1643. Wanasiasa nao wamelichukua, tunasikia habari za ombwe la uongozi. Kwa baba lina baridi mno. Hewa, kama katika wafanyakazi hewa, ni la udanganyifu, na kuambulia patupu ni la aliyetafuta akakosa. Yaache.

Sasa nije kwenye hilo la kwamba ndani yako hamna kitu, hata kilio. Kiswahili kinapomsikia mtu akisema ni mtupu, kinamuuliza: bila nini? Huwezi kulikwepa swali hilo, limo ndani ya neno. Nami nakuuliza. Umekosa sauti yake? Mtu wa kumpigia simu jambo likikushinda? Mtu aliyekuita kwa jina ambalo wengine hawakuiti? Kaa na swali hilo uandike majibu, hata yawe madogo ya kukufanya uone haya. Nimewaona wafiwa wengi ambao machozi yalikuja siku walipokitaja kitu kimoja, kama fimbo au kikohozi cha alfajiri. Huzuni nzima kwa pamoja haina pa kuishikia.

Tena sidhani kama wewe ni mtupu. Watu wanaijua methali ya debe tupu lisiloacha kuvuma. Iko na nyingine isemayo debe shinda haliachi kutika. Shinda hapo si kitenzi cha kushinda mchezo. Ni sifa ya chombo ambacho hakikujaa wala hakikwisha, maji yamefika kati, na ukitembea nacho yanapiga huku na huku. Barua yako inatikisika hivyo. Aliye mtupu hakeshi akiandika wasifu, wala hamwandikii bibi asiyemjua kumuuliza ampendeze vipi shangazi yake.

Lakini nisikilize kwa makini hapa. Ukiona huna kitu ndani kwa wiki nyingi mfululizo, usingizi umekatika, chakula hakipiti, kazi imekushinda, au ukaanza kufikiri kwamba ni afadhali nawe usiwepo, hilo si jambo la kutafutia msamiati. Nenda hospitali ukaonane na daktari au mshauri nasaha, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani siku hiyohiyo, hata huyo mdogo wako aliyeshika kichwa. Ganzi ya msiba huwapata wengi na huondoka taratibu. Ikikataa kuondoka, wapo wanaojua kuitibu.

Kwa shangazi, acha kuandika. Ujumbe wa simu hauna uso, na ninyi wawili mnahitaji kutazamana. Mtumie baba mdogo. Alikuwa mkali kwako, lakini ndiye peke yake aliyekuambia kosa lako, na mtu anayekuambia ukweli hafai kuachwa. Mwombe akutangulie amwambie shangazi kwamba unakuja, ili usimkute hajajiandaa. Nenda ukiwa peke yako. Mwamkie, keti chini yake, na uombe radhi kwanza kabla ya kueleza lolote: "Shangazi, nilisema neno lililomuaibisha baba na kukuumiza wewe. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Habari za Kiingereza chako na za kamusi ziache mlangoni. Mtu aliyezika mtoto aliyemlea hahitaji somo la lugha.

Akishakupokea, na nadhani atakupokea, mwambie hiki unachokihisi. Wala huna haja ya mimi kukutungia maneno, uliyaandika mwenyewe mwishoni mwa barua bila kujua. Uliandika kwamba unaingia chumbani unakiona kiti chake. Mwambie hivyo: "Shangazi, kiti cha baba kimebaki kitupu, na mimi siwezi kukitazama." Hapo tupu limekaa na jirani wake halali. Kiti ni cha kukalia, aliyekikalia hayupo, na hakuna aliyevuliwa nguo wala aliyehesabiwa mali. Mtoto mdogo angeelewa, na shangazi ataelewa kuliko wote, kwa sababu naye kuna mahali alipomzoea baba yako ambapo sasa hamwoni.

Ukimaliza, nyamaza. Mwache naye aseme. Akikuuliza kwa nini siku ile ulisema vile, mjibu kwamba ulikuwa unatafuta neno na hukulipata, kisha umuulize yeye, aliyemjua baba yako miaka mingi kabla hujazaliwa, angesema nini. Uniandikie alivyojibu.